Ukiangushwa na farasi, rudi polepole

MSOMAJI mpenzi, umewahi kuangushwa na farasi? Najua wengi wenu mtacheka. Jijini Nairobi watu huangushwa na bodaboda, huangushwa na mitihani, na wengine huangushwa na wachumba. Farasi tumwone wapi? Hata hivyo, nakuomba univumilie leo. Jambo ninalotaka tulizungumze lina kwato na mkia, lakini huenda linaishi nyumbani mwako pia.

Jambo lenyewe ni hofu ya mtu mzima aliyeumia mara moja na sasa anatakiwa kurudi pale pale alipoumia. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hawakutuambia, hata hivyo, mtu huyo afanye nini iwapo kazi yake ni kusuka mikeka.

Sisi watu wa bara hatukukulia mgongoni mwa farasi. Kwa muda mrefu mnyama huyu alishindwa kustawi katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki kwa sababu ya nagana, maradhi yanayoenezwa na mbung'o, na ugonjwa mwingine hatari wa farasi unaoenezwa na usubi. Mapema katika karne ya 20 Nairobi ilikuwa na daktari Mgoa, Rosendo Ribeiro, aliyejulikana kwa kuwazuru wagonjwa wake akiwa juu ya punda milia! Farasi walikuwa wa walowezi na wa uwanja wa mbio. Wengine wetu tuliwatazama kutoka upande wa pili wa ua.

Kwa hivyo Mkenya wa kawaida anayejifunza kupanda farasi siku hizi aghalabu huanza akiwa mtu mzima. Na mtu mzima ana namna yake ya kuanguka. Mtoto wa miaka saba akianguka hulia, hupanguswa vumbi, kisha huuliza zamu yake itafika lini tena. Mtu mzima, kabla hajafika chini, amekwisha kupiga hesabu: kodi ya nyumba, karo, mkubwa wa kazi, bili ya hospitali. Ukimwita mwoga utakuwa umemkosea. Huyo ni mtu anayejua bei ya mfupa.

Mimi nilianza nikiwa na umri wa miaka 41. Binti yangu alikuwa amepandishwa farasi mara moja katika sherehe ya rafiki yake, na tangu siku hiyo hatukulala. Nikampeleka katika shamba moja la farasi kule upande wa Karen. Nilipochoka kuketi kwenye benchi nikimtazama, nikaomba na mimi nifundishwe. Pesa nilizokuwa nikila nyama choma kila Jumamosi nikazielekeza huko. Kwa miaka miwili, saa moja ya kila Jumapili baada ya kanisa ilikuwa yetu, mimi na yeye. Hatukuwa mabingwa, lakini tulikuwa na furaha.

Kisha ikaja asubuhi moja ya mwezi wa Julai. Nilikuwa juu ya Malkia, farasi jike mzee, mpole kuliko majirani zangu wote. Ng'ambo ya ua bodaboda ikapiga mlio kama wa bunduki. Malkia akaruka kando mara moja. Mimi sikuruka naye. Nilibaki hewani mahali alipokuwa, kisha nikateremka kwa bega. Mfupa wa mtulinga ukavunjika, na mkono ukaning'inia kwenye kitambaa kwa wiki sita.

Ajabu ni ushauri niliopewa. Kila aliyekuja kunipa pole alisema jambo lile lile: "Kosa lako ni kwamba hukupanda tena papo hapo." Wasemao hivyo wana nia njema, lakini nakuonya usiwasikilize kila wakati. Ikiwa umegonga kichwa, hata kama hukuzimia, usipande tena siku hiyo. Ubongo uliotikiswa huhitaji kupumzika, na kugongwa mara ya pili kabla haujapona kunaweza kuleta madhara makubwa. Muone daktari. Na ile kofia ngumu iliyopata pigo usiivae tena, hata kama haina ufa unaoonekana. Imekwisha kufanya kazi yake. Nunua nyingine.

Mfupa ulipona. Daktari akaniruhusu. Basi Jumapili ya kwanza nikasema mgongo unaniuma. Jumapili ya pili kulikuwa na mawingu. Ya tatu gari lilikuwa na shida fulani ambayo fundi hakuiona. Kila nilipoahirisha, nilihisi raha kubwa kifuani, kama mtu aliyesamehewa deni.

Msomaji wangu, hiyo raha ndiyo mtego wenyewe. Unapolikimbia jambo unaloliogopa, moyo hutulia, na mwili hujifunza kwamba kukimbia ndiko kulikokuokoa. Safari ijayo utakimbia mapema zaidi. Hofu huwa kama ng'ombe unayemlisha kila siku huku ukilalamika kwamba ananenepa.

Mambo yangeendelea hivyo hadi leo kama si binti yangu. Shuleni kwao alichaguliwa kukariri shairi mbele ya wanafunzi wote. Alifika ubeti wa pili, maneno yakapotea, na watoto wakacheka. Tangu siku hiyo, kila Ijumaa ya gwaride tumbo lilimuuma. Mama yake alimpa dawa za minyoo. Mimi nikajitia hekima, nikamwita sebuleni, nikamweleza kwamba tumbo lisiloumwa Alhamisi wala Jumamosi lina siri.

Akanitazama kwa upole kabisa, akasema, "Lakini Baba, hata wewe mgongo wako huuma Jumapili tu."

Sikuwa na la kujibu. Nilikuwa nimemfundisha somo zima bila kufungua kitabu.

Jumapili iliyofuata tulikwenda. Nilimkuta saisi, mzee aliyewatunza farasi tangu ujana wake, akimsugua Malkia kwa brashi. Nilimwambia ukweli: "Mzee, naogopa." Hakucheka, wala hakuniambia nijikaze kiume. Aliniuliza, "Unaogopa ukiwa wapi?" Nikasema ninapokuwa juu. "Ukiwa chini huogopi?" Siogopi. "Basi leo hupandi," akasema, akanipa ile brashi.

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza upya, na nataka nikugawie niliyoyapata, kwani yanafaa hata kama farasi wako ni usukani wa gari, bwawa la kuogelea au mtihani uliokutupa.

Kwanza, itafute hofu yako inapoanzia. Usiseme tu "naogopa farasi". Je, unaogopa unapomkaribia? Unapotia mguu kwenye kikuku? Anapoanza kutembea, au anapotoka hatua za kawaida akaingia mchakamchaka? Chukua karatasi, uandike ngazi yako kuanzia chini hadi juu. Yangu ilikuwa na vidato kumi. Cha kwanza kilikuwa kumsugua Malkia, na cha kumi kilikuwa kupita kando ya ule ua wa barabarani. Anza na kidato ambacho moyo unapiga lakini miguu haitaki kukimbia. Ukiona miguu inataka kukimbia, umeruka vidato.

Pili, mfahamu mnyama aliyekuangusha. Nilikuwa nikimwona Malkia kama msaliti. Saisi akanieleza kwamba farasi ameumbwa awe mnyama wa kuwindwa. Macho yake yako kando ya kichwa, na kwa hivyo anaona karibu pande zote isipokuwa pale mbele kabisa ya paji la uso na nyuma ya mkia. Akisikia jambo asilolielewa, hukimbia kwanza, kuuliza ni baadaye. Mababu zake waliouliza kwanza waliliwa. Tazama masikio yake: yakielekea mbele, anachunguza kitu, yakilala nyuma kabisa, amekasirika, yakilegea kando, ametulia. Mtu anayesoma masikio hashtukizwi sana. Sehemu kubwa ya hofu ni kutojua kitakachotokea.

Tatu, pumua. Utasema hilo nalo ni somo? Naam, ni somo. Farasi ana uzito wa kilo 500 hivi, lakini ngozi yake huhisi nzi akitua. Unapobana pumzi, mapaja hukaza, mikono huvuta hatamu, na yeye anapata habari kwamba kuna hatari. Mwaka 2009 watafiti wa Uswidi walichapisha matokeo ya jaribio moja la kuvutia. Waliwataka watu wawaongoze au wawapande farasi kutoka mahali pamoja hadi pengine mara nne, huku mapigo ya moyo ya mtu na ya farasi yakipimwa. Kabla ya safari ya nne, watu waliambiwa kwamba mwavuli ungefunguliwa ghafla farasi akipita. Mwavuli wenyewe haukufunguliwa. Lakini mioyo ya watu ilipiga kwa kasi zaidi kwa kuungojea, na mioyo ya farasi ikafanya vivyo hivyo, ingawa wao hawakuambiwa lolote kuhusu mwavuli.

Basi toa pumzi polepole, ndefu kuliko ile uliyoivuta. Ukishindwa, imba. Mtu hawezi kuimba na kubana pumzi kwa wakati mmoja. Mimi niliimba nyimbo za kanisani, na binti yangu aliyekuwa akinifuata nyuma alikufa kwa kicheko. Tena usitazame chini. Ukitazama ardhi, kichwa huvuta mabega, mabega huvuta kiwiliwili, na ardhi ndiyo utakayoipata. Chagua mti ulio mbele, uutazame huo.

Nne, usijilazimishe kwa kiboko. Xenophon, Mgiriki aliyekuwa askari na mwandishi, aliandika kitabu kuhusu upandaji farasi katika karne ya nne kabla ya Kristo. Alishauri kwamba farasi akiogopa kitu, asipigwe ili akikaribie, kwani kipigo humzidishia woga. Afadhali mtu akiguse kitu hicho mwenyewe, kisha amwongoze farasi taratibu hadi hapo. Yule saisi wa Karen hajawahi kumsoma Xenophon, lakini ndivyo alivyonifanyia mimi. Wiki ya kwanza nilisugua. Ya pili nilimwongoza Malkia kwa kamba, tukitembea bega kwa bega. Ya tatu nilipanda, nikaketi, nikahesabu hadi mia, nikashuka. Naam, nilishuka! Wapandaji wengine walinitazama kama mtu aliyelipa nauli akateremka kabla gari halijaondoka. Wiki ya nne nilizungushwa kwa kamba ndefu iliyoshikwa na mwalimu, kwa hatua za kawaida tu.

Utaona kwamba kila mara tuliacha kabla hofu haijatuachisha. Siri kubwa iko hapo. Ukimaliza siku ungali unatamani dakika tano zaidi, utarudi wiki ijayo kuzifuata. Ukimaliza siku ukitetemeka, utarudi na mgongo unaouma.

Tano, jifunze jinsi ya kujiokoa. Wengi hufikiri ujasiri huletwa na maneno ya kutia moyo. Mimi naona huletwa na ufundi. Mwalimu alinifundisha kuvuta hatamu moja taratibu ili shingo ya farasi igeuke na mwili umfuate katika mduara, kwa kuwa farasi anayezunguka hawezi kukimbia moja kwa moja. Alinifundisha pia kuchomoa miguu yote miwili kwenye vikuku na kushuka kwa haraka farasi akiwa amesimama, kisha akiwa anatembea. Tulirudia hadi nikachoka. Siku hiyo nililala vizuri. Hakuna aliyeniahidi kwamba sitaanguka tena. Nilikuwa tu nimejua la kufanya kama mambo yangeharibika. Na vaa viatu vyenye kisigino, ili mguu usipenye ukanaswa kwenye kikuku.

Sita, mchague unayepanda naye. Kuna mwalimu anayepiga kelele na kuna rafiki anayecheka. Hao wanaweza kuwa watu wema, lakini si wa wakati huu. Na farasi naye achaguliwe: mzee, mtulivu, aliyeona mengi. Farasi kijana na mpandaji mwoga ni vipofu wawili wanaoongozana.

Labda utaniambia, "Wewe ulivunjika mtulinga tu, mimi yaliyonipata ni makubwa." Sikatai. Nikusimulie basi habari za Lis Hartel wa Denmark. Mwaka 1944, akiwa na umri wa miaka 23 na tayari mpandaji hodari, aliugua polio, naye alikuwa mja mzito. Alijifungua salama, lakini miguu yake ilipooza kuanzia magotini kwenda chini. Hakurukia farasi kesho yake. Alianza kwa kujifunza kuinua mikono, kisha kutambaa, kisha kutembea kwa magongo. Aliporudi kwa farasi, ilibidi asaidiwe kupanda na kushuka, na akajifunza kumwongoza farasi wake, Jubilee, kwa uzito wa mwili na mapaja.

Mwaka 1952 huko Helsinki, wanawake waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kushindana na wanaume katika ule mchezo wa Olimpiki wa kumwongoza farasi kwa hatua za madaha. Lis Hartel alitwaa nishani ya fedha. Mwaka 1956 akaitwaa tena. Watu hukumbuka nishani. Mimi, tangu nivunjike, nakumbuka zaidi kule kutambaa.

Hata hivyo, nisikudanganye. Si lazima kila mtu arudi. Wahenga hao hao walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kuna mtu ambaye daktari amemkataza. Kuna mama anayelea watoto peke yake, na mkono wake ndio unaowalisha, ambaye akipima vizuri ataona kwamba saa moja ya farasi haitoshani na hatari yake. Akiacha kwa kupima hivyo, ameacha kwa heshima, na asichekwe na mtu. Ninachokuomba ni utofautishe kuacha na kufukuzwa. Aliyeacha husema wazi, "Nimeacha," kisha hupata jambo jingine la kufanya Jumapili. Aliyefukuzwa husema, "Mawingu yakiondoka." Jiulize wewe ni yupi. Watoto wako wamekwisha kujua.

Nami nilimwambia binti yangu kwamba sikuwa na mgongo unaouma. Nilikuwa naogopa. Nilidhani heshima yangu ingepungua. Kinyume chake, jioni hiyo alileta daftari lake jikoni, tukaandika ngazi yake pamoja. Kidato cha kwanza: kumkariria Baba beti mbili huku Baba akikaanga mayai. Cha pili: kumkariria nyanya yake kwa simu. Cha tatu: marafiki wawili chini ya mti, wakati wa mapumziko. Gwaride tuliliweka juu kabisa, karibu na mbingu.

Tulivyo leo, bado hajafika gwarideni, ingawa Ijumaa tumbo limeacha kuuma. Mimi nimefika kidato cha tisa. Sijapiga shoti, na huenda nisipige kamwe. Sina deni la mtu. Jumapili iliyopita tulipita hatua ishirini hivi kutoka kwenye ule ua. Bodaboda ikapita. Masikio ya Malkia yakasimama, nami nikaanza kuimba kwa sauti mbovu. Nyuma yangu nikasikia sauti ya pili ikiitikia. Masikio yakalegea, tukaendelea.

Kwa hivyo, msomaji mpenzi, kama kuna jambo lililokuangusha, usijione duni. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Chukua karatasi leo, uandike kidato cha chini kabisa, hata kama ni kushika brashi tu. Kisha ukikanyage kabla Jumapili ijayo haijafika, uteremke, ukanywe chai.

Tukutane tena juma lijalo, Mungu akipenda.